Ubeti wa Tatu wa Nabintu

Fittja, 9 Februari 2025

Kwako Christina,

Hunijui, ila damu yangu unaijua vizuri. Mimi ni Maombi, dada mkubwa wa Josiane, yule mwanamke wa Hagsätra aliyekuwa anakuitikia nyuma ukiimba. Josiane alifariki mwezi wa sita mwaka jana. Mshipa ulimpasuka kichwani akiwa anasubiri treni ya kumleta mazoezini kwako. Ulituma maua meupe, makubwa, na kadi yenye jina lako lililopigwa chapa. Ahsante kwa maua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu sitaki unipigie simu. Sauti yako, au ile ambayo watu wanaiita yako, nimeisikia vya kutosha. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Josiane aliniambia umekulia Bukavu, misheni, na kwamba ukikasirika unatukana kama watoto wa mtaa wa Kadutu. Basi utanisoma bila mkalimani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa dukani Hallunda nachagua vitunguu. Redio ya duka ikaanza wimbo wako mpya. Sikuujua, mimi msikilizaji wa kwaya tu. Zikaja ngoma, kikaja kinanda, halafu akaja dada yangu. Nikasema "Bee?" kama mtu aliyeitwa. Nikageuka. Nilimtafuta Josiane kwenye rafu za maziwa, Christina, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kikapu mkononi. Binti yangu Gaëlle akanishika mkono, akasema, "Mamma, det är moster." Anamaanisha mama yake mdogo. Watoto wa huku wakiwa na jambo zito hukimbilia Kiswidi.

Nyumbani akanionyesha video. Uko peke yako kwenye theluji, umefunga kitambaa kichwani. Unafungua mdomo, anatoka Josiane. Unavuta pumzi palepale alipovuta yeye. Nilimwambia Gaëlle azime. Magazeti, ananisomea huyohuyo Gaëlle, yanasema sauti yako imekomaa, siku hizi ina kina. Kina inacho kweli. Mwenyewe yuko chini ya ardhi.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Ule haukuwa wimbo wa kuchezwa. Kwetu, kwa wanawake wa upande wa bibi yetu, ule ni mwito wa matanga. Huimbwa mtu akishafariki, kwa jina lake la nyumbani. Uko kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na una beti tatu. Wa kwanza unamuuliza marehemu, unakwenda wapi na jua bado liko juu? Wa pili unamuuliza, moto wa jikoni umemwachia nani? Wa tatu unampa ruhusa: nenda, moto tumeuzima, nenda. Na aliyeanza ndiye anayemaliza, mwingine hawezi. Marehemu aliyeitwa asipewe ruhusa hubaki hapohapo anazunguka, hawezi kuingia wala kuondoka.

Wimbo wako una beti mbili. Ule wa pili unarudiwa hadi mwisho, moto umemwachia nani, moto umemwachia nani, kisha redio inaucheza tena kesho. Na jina analoliita Josiane humo ni Nabintu. Nabintu ni yeye mwenyewe. Alipewa na mama yetu, na nje ya nyumba yetu hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Dada yangu alijiita mwenyewe kama maiti, na miezi michache baadaye akawa maiti. Sisemi mwito ndio uliomwua. Wala sisemi kwamba sio.

Nina maswali mawili. Kwa nini alijiita? Na ubeti wa tatu, je, aliuimba? Mama yetu yuko Bukavu, macho yamekwisha, amebaki na masikio. Jirani alimchezea wimbo wako kwenye simu. Tangu hapo anasema Nabintu yuko uani anaita na hakuna wa kumfungulia. Chakula wakimletea anakisukuma. Kama ubeti wa tatu uko kwenye mashine zenu, nipe. Mama ausikie, amalize matanga ya mwanawe, ale.

Maombi

*

Stockholm, 17 Februari 2025

Yaya Maombi mpendwa,

Kiswahili changu ni cha mtoto wa miaka tisa. Huo ndio umri niliotoka nao Bukavu, vita vilipoanza. Nikikosea unisamehe.

Sikujua kama mama yenu yuko hai. Josiane hakupenda kusimulia ya kwao, na mimi, naona aibu kusema, sikuuliza. Tulicheka sana pamoja. Nilidhani kucheka kunatosha.

Naomba uamini kitu kimoja: sikumwibia. Nilipokuwa mdogo nililelewa na Mama Hortense, aliyefanya kazi nyumbani kwetu. Baba na Mama, wamisionari wa Kiswidi, walikuwa na kazi ya Mungu. Mimi nilikuwa na Mama Hortense. Alipofariki hawakuniruhusu kwenda matangani. Nikatoroka, nikasimama nje ya dirisha la nyumba yao, na wanawake walikuwa wanaimba mwito ule, wote, mpaka mwisho. Maneno sikuyaelewa, lakini niliyashika. Miaka yote nimeubeba bila kujua unaitwaje. Halafu siku moja Josiane anakunja nyaya baada ya kazi, anauimba kwa sauti ya chini, na mimi nikakaa chini nikalia kama mtoto. Nilimwomba auimbe kwenye maikrofoni. Aliimba kwa hiari yake. Wimbo ule ulinilea mimi pia, Yaya.

Tulipanga niuimbe upya mwenyewe. Nilijaribu. Sébastien, ndiye anayenitengenezea muziki, alinisikiliza, kisha akacheza tena rekodi ya Josiane, akanitazama tu. Tukaiacha sauti ya Josiane ibaki. Jina lake limeandikwa pamoja na waitikiaji. Kuhusu video, ni mambo ya kampuni, uso uliotakiwa ni wangu.

Nabintu nilidhani ni neno tu la wimbo. Naapa. Na ubeti wa tatu, Sébastien anasema hakuna kingine kilichorekodiwa. Pole, Yaya. Ningekuwa nao ningekuletea mwenyewe Fittja.

Wako,
Christina

*

Fittja, 2 Machi 2025

Christina,

Usiniite yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, na aliyekuwa na haki ya kuniita hivyo alikuwa mmoja. Niite Mama Gaëlle, kama wanavyoniita kanisani.

Ulisikia dirishani. Nimekuelewa, na yule mtoto wa dirishani nimemhurumia, kweli nimemhurumia. Lakini aliyenusa chakula cha watu dirishani hafungui mgahawa.

Ngoja nikupe habari za Josiane, kwa kuwa hukuuliza. Alikuja nchi hii msichana mwenye nyimbo zake mwenyewe. Alizipeleka kwa wenye kampuni, wakafumba macho wakisikiliza, wakamwambia ana sauti ya ajabu ila hawajui watamuuza kwa nani. Walewale wakamwita aje kuitikia. Mama, wakati macho yake bado mazima, alikuwa anakusanya mtaa mzima kila Josiane akisema leo niko kwenye televisheni. Wanakaa, wanangoja. Wanaona kiwiko pembeni mwa picha. Mama alikuwa anawaambia watu, "Kile kiwiko ni cha mtoto wangu," na watu wanapiga makofi. Tulikuwa tunacheka hilo mpaka machozi, mimi na Josiane. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Na sasa yuko kila mahali. Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Juzi nilikuwa namwosha bibi mmoja mgongo, Mswidi, hajui tena hata majina ya wanawe. Akaanza kuimba, Nabintu, Nabintu, vizuri kabisa, akiitikia redio. Sabuni ilinitoka mkononi. Shuleni kwa Gaëlle wanaucheza mwito huo kwenye mapumziko. Gaëlle aliwaambia ile ni sauti ya mama yake mdogo. Wakamcheka, wakamwambia anajidai, kila mtu anajua ni Christina. Dada yangu anaitwa na nchi nzima kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayemwona.

Mama amelazwa. Anaishi kwa maji ya dripu. Kaka yetu Gédéon, anayekaa naye, anasema akisikia mlango anauliza, "Nabintu ameshaingia?"

Kwa hiyo usiniletee maneno ya Sébastien. Nenda ukae wewe mwenyewe usikilize, kuanzia mwanzo, mpaka pale mashine ilipozimwa.

Maombi

*

Göteborg, 21 Machi 2025

Mama Gaëlle,

Nimesikiliza. Sébastien hakutaka kunipa rekodi yote, nikamwambia bila hiyo sipandi jukwaani. Nimeisikiliza hotelini, nimefunga mlango. Nakuandikia mambo yalivyo.

Mwanzoni Josiane anauliza, "Nimwite nani?" Sébastien anasema jina lolote, liwe fupi. Josiane anasema haiwezekani. Anasema, "Nikimwita aliyekwisha kwenda nitamsumbua. Nikimwita aliye hai nitamwua." Halafu ninasikika mimi, ninacheka. Nilidhani anatania. Sébastien anagonga meza kwa kidole. Kisha Josiane anasema, "Basi langu. Langu halina mwenyewe mwingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliyekuwepo nilikuwa nimesahau. Hakuwa anajiita kufa, Mama Gaëlle. Alikuwa anawalinda watu wengine, na sisi tulikuwa tunaangalia saa.

Anaimba beti mbili kama unavyozijua. Kisha ninasikika tena, "Na ule mwingine, Josiane, ule wa mwisho, ule mzuri." Anajibu, "Wa tatu siimbi. Mtu hajipi ruhusa mwenyewe." Anacheka. Anasema ana njaa, anakwenda Fittja kwa yaya wake, leo amepika sombe. Mlango unasikika. Basi.

Sébastien alisema ukweli. Ubeti wa tatu haupo.

Sijalala vizuri tangu siku ile. Kila jioni nafungua mdomo mbele ya watu na yeye anatoka. Zamani nilikuwa naona fahari jinsi nilivyojifunza kila pumzi yake, nisipishane naye hata kidogo. Sasa naogopa kwamba siku moja nitafumba mdomo na yeye ataendelea.

Nimeamua. Mwezi wa tano kuna tuzo kubwa za muziki kwenye televisheni, moja kwa moja. Nitasimama niseme sauti ile si yangu, ni ya Josiane. Na kwa kuwa yeye hakuuimba ubeti wa tatu, nitauimba mimi. Naukumbuka wote, tangu dirishani. Nitampa ruhusa. Najua nitaweza.

Christina

*

Fittja, 30 Machi 2025

Christina,

Sombe ile naikumbuka. Alikula akaomba tena, akaondoka na nyingine kwenye bakuli. Hakuniambia chochote. Nimelia mpaka Gaëlle akaogopa, halafu nikamsomea barua yako, akalia yeye.

Ahsante kwa kunisikilizia. Nasema kutoka moyoni, ingawa moyo wenyewe hautaki.

Sasa nisikilize wewe. Kusema, sema. Sema jina lake lote, na sema nani aliimba. Hicho ndicho kitu pekee ambacho Josiane hakupata hapa, mtu kusimama na kusema ni yule. Lakini usiimbe. Nimekueleza mara ya kwanza na narudia: aliyeanza ndiye anayemaliza. Hata mimi dada yake, mwenye mwito huu tangu tumboni, nimekaa kimya tangu niusikie dukani kwa sababu si wangu kuufunga. Nitaenda Bukavu mwenyewe nikamwambie Mama kwamba ubeti haupo, na tutajua sisi na wazee wetu tufanye nini. Ni jambo letu. Tuachie hilo moja.

Sema, usiimbe.

Maombi

*

Stockholm, 11 Mei 2025

Mama Gaëlle mpendwa,

Bila shaka uliona. Nimengoja simu yako jana na leo, ingawa najua hupigi.

Barua yako niliisoma, niliisoma mara nyingi. Nilidhani ukisikia utaelewa. Picha yake ilikuwa nyuma yangu, kubwa kuliko jukwaa, uso wake, si kiwiko. Beti mbili za kwanza zilikuwa za kwake, kwenye spika. Kisha muziki ukazimwa, nikauimba wa tatu mimi, peke yangu, bila chombo. Sikujua kama ni mimi ninayeimba. Ukumbi mzima ulisimama. Watu walikuwa wanalia.

Hotuba yangu haikwenda kama nilivyopanga. Nilisema, "Kwa rafiki yangu Josiane." Wakapiga makofi, wakaendelea kupiga, wakaleta tuzo, taa zikageuka, na lile neno jingine sikupata pa kuliweka. Leo magazeti yanasema nimemlilia rafiki yangu kwa sauti yangu mwenyewe. Nimejichukia nilipoyasoma.

Lakini nitalirekebisha. Nimeongea na mwandishi wa gazeti kubwa. Tumepanga kukutana mwisho wa mwezi. Nitamwambia yote: sauti kwenye wimbo ni ya Josiane, tangu mwanzo mpaka mwisho, mimi nilichezesha midomo tu, na ubeti wa tatu wa jukwaani ni wangu. Kampuni imekasirika, Sébastien hanisemeshi. Sijali. Ninachotaka ni neno lako tu, niende nalo.

Wako,
Christina

*

Fittja, 25 Mei 2025

Christina,

Niliona. Nilikuwa na Gaëlle kwenye kochi. Ulipofungua mdomo kwa ule ubeti wa tatu niliinuka nikaenda kusimama jikoni, nikaziba masikio, na bado nilisikia.

Kuna mtu wa kanisani kwetu, sijui hata nani, aliurekodi kwa simu akiwa mbele ya televisheni yake. Sauti tupu. Akautuma kwenye kundi la waumini, na kundi likautuma Uvira, Uvira wakautuma Bukavu. Ulimfikia Gédéon. Naye, bila kuniuliza, akauweka kwenye sikio la Mama.

Gédéon anasema Mama alisikiliza zile mbili akiwa ametulia tu, kama siku zote. Ulipoingia wa tatu alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo. Ukaisha. Mama akasema, "Nabintu ameimba muzuri. Amemaliza. Muniletee bugali."

Alikula, Christina. Kesho yake akatolewa dripu, na baada ya siku chache akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ameita kina mama wa kanisa, wamepika, wamefagia, wameondoa matanga. Niliongea naye juzi. Sauti yake ni ya mtu aliyetua mzigo. Aliniambia, "Maombi, mudogo wako alikuwa na akili. Alijua atakwenda, akatuachia ruhusa." Nikamwambia ndiyo, Mama.

Yule aliyemzaa, aliyemnyonyesha, hakuona Josiane anaishia wapi na wewe unaanzia wapi. Mimi niliona kwa pumzi ya kwanza. Uliimba vizuri sana. Hilo ndilo ninaloshindwa kukusamehe. Ungeimba vibaya ningekusamehe siku ileile.

Sasa fikiri na mimi. Ukienda kwa huyo mwandishi ukasema ile ya kwanza ni ya Josiane, atakuuliza na hii nyingine je? Nchi nzima ilikuona. Utasema ni yako. Jioni yake habari iko Uvira, asubuhi iko Bukavu, na hakosekani mwema mmoja wa kwenda kumwambia Mama kwamba aliyempa mwanawe ruhusa ni mzungu wa misheni. Kwa Mama hiyo si ruhusa. Nabintu atarudi uani, na safari hii Mama hatarudi hospitalini, atakwenda naye. Namjua.

Kwa hiyo nakuomba kitu nilichoapa sitakuomba kamwe. Nyamaza.

Nimemweleza Gaëlle. Alinitazama kama hanijui, akasema, "Då finns hon ju inte, mamma." Basi ni kama hayupo kabisa, mama. Akaingia chumbani kwake.

Kwangu mimi Josiane hajaenda. Kama ruhusa hakupewa, hakupewa, hata bugali iliwe. Jana kwenye treni msichana mmoja alikuwa amekaa mbele yangu na vidude vyake masikioni, sauti ikivuja. Nikamsikia Josiane anauliza moto umemwachia nani. Nikajibu. Nikasema, "Mimi, Nabintu. Umeniachia mimi." Nadhani nilisema kwa nguvu, kwa sababu watu waligeuka, na msichana akahama kiti.

Siku Mama atakapofariki nitakuandikia, na siku hiyo utasema yote, hata kama tuzo zako zimeshajaa vumbi. Siiombei siku hiyo, na wewe usithubutu kuiombea. Mpaka hapo, mtu akikuuliza sauti ile ni ya nani, sema ni yako.

Maombi